John von Neumann, mtu aliyetaka tombola iweze kurudiwa

Mwaka wa 1903 dhahabu ilionekana Kilo, kwenye mto Agola, na kutoka hapo maisha ya Bambu yetu hayakuwa tena yale ya zamani. Mwaka ule ule, tarehe 28 mwezi wa 12, mbali sana huko Budapest, Hungaria, akazaliwa mtoto wa mtu wa benki. Ndiye John von Neumann. Jina linasomwa Noiman.

Utauliza huyu anatuhusu nini. Anatuhusu kila mara kompyuta inapochagua majina kwa bahati: familia gani zitaulizwa maswali ya utafiti, vijana gani wataitwa kwa kazi ya siku chache barabarani. Wanaobaki nje wanasema listi imepikwa. Na mwenye listi, akiombwa arudie ile tombola mbele ya watu, mara nyingi hawezi.

Noiman alikuwa mwana-hesabu tangu utoto. Mwaka wa 1926 alipata udaktari wa hesabu Budapest, na mwaka huo huo diploma ya uinjinia wa kemia Zurich. Akafundisha Berlin, kisha mwaka wa 1930 akaenda Marekani, Princeton, na mwaka wa 1937 akawa raia wa huko.

Vita ikaja. Kuanzia 1943 alisaidia kule Los Alamos kwenye mahesabu ya bomu la atomiki, lile la aina iliyoangukia Nagasaki tarehe 9 mwezi wa 8, 1945. Siku tatu mbele yake Hiroshima ilikuwa imepigwa kwa bomu la urani, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Wengi wanaosimulia maisha yake wanaruka hapo. Sisi tusiruke.

Mwaka wa 1946 rafiki yake Stanislaw Ulam alikuwa anapona ugonjwa, anacheza karata peke yake. Akajiuliza ni mara ngapi mtu anaweza kushinda. Hesabu ilikuwa ngumu, basi akawaza: si ucheze mara nyingi tu, halafu uhesabu? Noiman akaona njia hiyo inafaa pia kwa mambo ya atomiki. Mwaka wa 1948 ilifanywa kwenye ENIAC, kompyuta kubwa ya wakati ule, na mke wake Klára ndiye aliyeandika maagizo mengi ya mashine.

Lakini kazi hiyo inakula namba za bahati nyingi sana. Zitoke wapi? Ungeweza kutumia kitu kama dadu. Noiman aliona shida yake: jibu likionekana baya, utahakikisha namna gani? Namba zimeshapita, na kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo, haiwezi kuzitunza zote.

Akachagua hesabu ya kawaida. Chukua 5772, uizidishe kwa yenyewe: 33315984. Toa namba nne za katikati: 3159. Fanya tena: 9792. Tena: 8832. Zinaonekana kama za bahati, ila mtu yeyote akianza na 5772 atapata zile zile. Ile namba ya kuanzia ndiyo tunayoiita mbegu. Yeye mwenyewe alijua si bahati ya kweli, akaifanyia mzaha kama dhambi. Na ina kasoro: endelea na mfano wetu, utapata 0042, 0017, 0002, halafu 0000, na hapo imekufa.

Noiman alishikwa na kansa, akafa Washington tarehe 8 mwezi wa 2, 1957, na miaka 53. Njia yake iliachwa. Programu nyingi za takwimu leo zinatumia ile ya Wajapani Matsumoto na Nishimura, ya 1998. Mbegu lakini ilibaki.

Tena mbegu peke yake haitoshi. Mwaka wa 2019 programu ya R, ambayo watafiti wengi wanaitumia, ilibadilisha namna ya kuchagua majina. Kompyuta mbili, mbegu moja, moja ina R ya zamani na nyingine R mpya: majina tofauti, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo chini ya listi inayobandikwa ukutani paandikwe mbegu, jina la programu, toleo lake, na listi kamili ya mwanzo kwa mpangilio ule ule, juu hata kuhamisha jina moja kunaharibu yote. Hapo kijana wa Bunia mwenye kompyuta yake anaweza kurudia kazi na kupata majina yale yale.

Kuna ujanja mmoja umebaki. Mtu anaweza kujaribu mbegu hamsini ofisini, mpaka jina la shemeji yake litokee. Ndiyo sababu mbegu ichaguliwe mbele ya watu, listi ikiwa imeshafungwa: vikaratasi kumi ndani ya kofia, kutoka 0 mpaka 9, na mtoto anavuta mara nne, kila mara anarudisha.