Daktari Burkitt: Tabibu Aliyeiuliza Mimea

Jina la Burkitt hutajwa kila siku katika hospitali za Afrika ya Mashariki, maana ndilo jina la kansa moja ya watoto. Lakini ni wachache wajuao maisha ya mwenye jina hilo, na leo tumeonelea vema kuyaeleza kwa ufupi, kwani yana funzo kwetu sisi tunaoishi Kigali.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, mjini Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia utabibu. Alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka 1946 alifika Uganda kuwa mganga wa serikali.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Majuma machache baadaye, huko Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali ile ile. Ndipo alipoanza kuuliza: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu kiasi cha maili 10,000, wakipita hospitali hata hospitali. Wakaona kwamba katika Afrika ya Mashariki uvimbe ule haukupatikana katika nchi za juu kupita futi 5,000 hivi, kimo kinachokaribia kile cha mji wetu. Mwaka 1964 wataalamu Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi kipya katika vipande vya uvimbe alivyowapelekea London. Na miongoni mwa dawa zilizokuja kuwaponya watoto hao, mojawapo, vinkristini, hutokana na ua la asili ya Bukini.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, Burkitt aligeukia chakula. Alikuwa ameona kwamba wanavijiji wa Afrika, walao maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, hawakuugua sana kansa ya utumbo mpana. Akahubiri faida ya nyuzinyuzi za mimea hadi alipofariki tarehe 23 Machi, 1993. Hata hivyo, mwaka 1999 uchunguzi wa wauguzi wanawake zaidi ya 88,000 wa Marekani haukuona kinga hiyo, ingawa chunguzi nyingine zimeiunga mkono. Heshima ya Burkitt haikupungua kwa hayo, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba wazo halina budi kupimwa kwa watu.

Funzo hilo latufaa leo. Soya, iliyomo katika uji wa sosoma pamoja na mtama na mahindi, ina vitu vinavyofanana na estrojeni, homoni ya kike ambayo huzikuza kansa nyingi za matiti. Katika maabara, chembe za kansa ya titi zikitiwa kiasi kidogo cha vitu hivyo huweza kuongezeka. Zikitiwa kiasi kikubwa, hudumaa. Basi mmoja husema soya ni sumu, na mwingine husema ni dawa. Wote wawili wanasahau kwamba bakuli la maabara si mwili wa mwanadamu. Wanawake zaidi ya 5,000 wa Shanghai waliokwisha kuugua kansa ya titi walichunguzwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2009: waliokula soya zaidi hawakudhurika, kinyume chake, ugonjwa uliwarudia kwa uchache. Lakini hao walikuwa wametibiwa hospitalini kwanza, na soya yao ilikuwa chakula, si vidonge.

Kwa hiyo akina mama wasiuogope uji wao, wala wasiufanye uwe mganga. Hata ua la Bukini liliponya baada ya kuchujwa na kupimwa, likatolewa kwa mkono wa tabibu. Mwenye kuona uvimbe katika titi aende hospitali mapema. Tangu mwaka 2012 nchi yetu ina kituo cha kansa huko Butaro. Kuchelewa ndiko kunakoua. Burkitt, mwenye jicho moja, aliona mbali kwa sababu hakuacha kwenda kutazama.