Mwendawazimu wa Nani? Maisha ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan na Nadharia za Imani

Liboi ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Garissa, na anayeupita kuelekea mashariki hujikuta Dhobley, nchini Somalia. Mpaka huo si wa kale. Ulitokana na hatua ya Uingereza ya kuikabidhi Italia eneo la Jubaland mwaka 1925, na wafugaji waliokuwa chini ya utawala mmoja wakajikuta chini ya tawala mbili. Wengi wao ni wa ukoo wa Ogadeni, ambao mababu zao walivuka mto Juba katika karne ya 19 wakifuata malisho hadi karibu na mto Tana. Ukoo huo huo, mbali sana kaskazini, ndio uliomzaa mtu ambaye maisha yake ni kiini cha makala haya: Sayyid Mohamed Abdulle Hassan.

Wanahistoria wamemwandika kama mpiganaji, na wahakiki wa fasihi kama malenga. Hapa tunamwendea kwa njia nyingine. Kwa zaidi ya karne moja wanasaikolojia wamekuwa wakiuliza kwa nini binadamu huamini dini, tena wengine huamini kiasi cha kuacha mali, ukoo na uhai. Sayyid anatufaa katika swali hilo kwa sababu imani yake ilifasiriwa kisaikolojia hata kabla nadharia nyingi tunazozisoma leo hazijaandikwa. Fasiri yenyewe ilikuwa neno moja tu: wazimu. Mwandishi wa makala haya alikutana naye kwanza kwa jina hilo la kubandikwa, na jina lake halisi akalijua baadaye.

Kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa, wapo wanaoutaja 1856 na wapo wanaoutaja 1864. Baba yake alikuwa Mwogadeni na mama yake Mdhulbahante, na alilelewa miongoni mwa wajomba zake. Alihifadhi Kurani akiwa mdogo, akawa mwalimu wa chuo, kisha akashika njia kutafuta elimu kwa masheikh wa miji ya mbali, Harar na Mogadishu ikiwamo. Alipokwenda kuhiji mwaka 1894 alikutana Makka na Sheikh Mohamed Salih, mwasisi wa tarika ya Salihiya, akawa mfuasi wake. Mwaka uliofuata alirudi Berbera, bandari iliyokuwa chini ya Waingereza, akaanza kuwakemea watu kwa kutafuna mirungi na kwa kutawasali kwa mawalii waliokufa. Wakazi wa Berbera, ambao wengi walikuwa wa tarika ya Kadiria, hawakumpokea. Masimulizi yanaeleza kwamba alikutana na mtoto aliyelelewa na mapadri, akamuuliza ukoo wake, na mtoto akajitaja kuwa wa ukoo wa mapadri. Kwa Msomali, ambaye nasaba yake ndiyo kitambulisho chake, jibu hilo lilikuwa kama tangazo la msiba.

Mwaka 1897 aliondoka Berbera akarudi bara, na kufikia mwaka 1899 alikuwa amekusanya maelfu ya wafuasi, Waingereza wakamtangaza kuwa mwasi. Wafuasi wake walijiita madaraweshi, wakavaa kilemba cheupe na kuliweka jina hilo mbele ya majina ya koo zao. Kati ya 1901 na 1904 Waingereza walituma misafara minne dhidi yake. Tarehe 17 Aprili 1903, huko Gumburu, kikosi cha Waingereza cha watu karibu 200 kiliangamizwa. Miezi tisa baadaye, huko Jidbali, ilikuwa zamu ya madaraweshi kupoteza watu wapatao 1,000. Mwaka 1905 Italia ikafanya naye mkataba na kumpa mahali pa kukaa.

Tuliache jina la mwendawazimu kwanza tuitazame hali iliyomzunguka. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe wa Afrika Mashariki na ya Pembe kwa wingi usiosemeka. Majeshi ya Menelik wa Ethiopia yalikuwa yakiingia Ogadeni kuchukua mifugo. Pwani ilikuwa imeshagawanywa kati ya Waingereza, Wataliano na Wafaransa. Bronislaw Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, alibaini kwamba walipovua katika maji matulivu ya ndani hawakuhitaji uganga, ila walipokwenda bahari kuu, penye hatari na bahati, uganga ulikuwa sehemu ya safari. Kwake yeye, dini na uganga huchipuka pale ujuzi wa binadamu unapofika kikomo. Nadharia hii inaeleza vyema kwa nini watu walikuwa tayari kumsikiliza mhubiri katika miaka ile. Lakini haielezi kwa nini wengi walioonja balaa hilo hilo walimpinga, wala kwa nini yeye alichagua tarika hii na si ile.

I. M. Lewis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wasomali katika miaka ya 1950, alitoa hoja nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1971. Aliona kwamba wanaopagawa na pepo wa saar aghalabu ni wanawake na wanyonge, na kwamba pepo huwapa sauti ya kudai wanachonyimwa. Imani, kwa mtazamo huu, ni lugha ya waliodhulumiwa. Hoja ni nzito, na mtu anaweza kuwaona madaraweshi ndani yake. Lakini Sayyid hakuwa mnyonge aliyetafuta sauti. Sauti alikuwa nayo tele.

Hapa mwanafunzi wa fasihi asimame kidogo. Katika gabay, utenzi mkuu wa Kisomali, kila mshororo sharti ubebe neno lianzalo kwa sauti ile ile kutoka mwanzo hadi tamati. Sisi tuliozoea vina vya kati na vya mwisho tunaweza kukisia ugumu wa sharti hilo. Sayyid alilimudu kiasi kwamba hata maadui zake waliyahifadhi mashairi yake. Hakuyaandika. Alikuwa na wahifadhi, mashuhuri kati yao Hussein Dhiqle, walioyashika kwa ghibu na kuyasambaza kisimani na kambini. Alitunga kuhusu farasi wake, kuhusu wasaliti, kuhusu afisa wa Kiingereza Richard Corfield, aliyeuawa Dul Madoba tarehe 9 Agosti 1913. Akili iliyovurugika haiwezi kushika sauti moja ya mwanzo katika mishororo mingi huku ikijenga hoja, dhihaka na kiapo. Mwenye shaka na ajaribu.

Mtihani mkubwa wa imani yake ulikuja mwaka 1909. Sheikh Mohamed Salih mwenyewe alimwandikia barua kutoka Makka akimkana na kumlaumu kwa umwagaji damu. Baadhi ya wakuu wa madaraweshi walikutana chini ya mti, wakashauriana kumwondoa au kumwacha. Njama ilifichuka, wengine wakauawa, wengine wakatoroka. Sigmund Freud, katika kitabu chake cha 1927, alidai kwamba Mungu wa waumini ni kivuli cha baba, na dini ni hamu ya mtoto ya kulindwa. Basi huyu hapa mtu aliyekanwa hadharani na baba yake wa kiroho, na imani yake haikutikisika hata kidogo. Anayetaka kumwokoa Freud atasema kwamba mwana alijifanya baba. Labda; ila nadharia inayokubali kila tokeo na kinyume chake haijatuambia jambo.

Leon Festinger na wenzake wanatusaidia zaidi. Mwaka 1956 walichapisha uchunguzi wa kikundi cha Wamarekani kilichongoja mwisho wa dunia usije, wakadai kwamba waliokuwa wamepoteza mengi kwa ajili ya utabiri ule ndio walioushikilia zaidi ulipoanguka. Uchunguzi huo umekosolewa vikali, maana watafiti walijipenyeza ndani ya kikundi na kuathiri mwenendo wake. Hata hivyo jambo wanaloligusa linaonekana mwaka 1909: waliobaki na Sayyid walikuwa wakali zaidi kuliko awali. Mtu aliyekwisha kuacha ukoo wake hana pa kurudi, na kilemba cheupe kilikuwa ahadi ambayo kuivunja kulikuwa ghali mno.

Ukali huo ulimfika hata mtu anayetuhusu sisi watu wa Kiswahili. Tarehe 14 Aprili 1909 madaraweshi walimuua Sheikh Uways bin Mohamed huko Biyoley. Sheikh Uways alikuwa mwana wa Barawa, mji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili, na ndiye aliyeieneza Kadiria hadi Unguja na bara ya Afrika Mashariki. Alikuwa mzee, msomi na mcha Mungu. Aliuawa na watu waliosali kuelekea kibla alikoelekea yeye. Waingereza walipojikusanya pwani mwaka 1910 na kuliacha bara, koo zikaraushiana, njaa ikaingia, na Wasomali wakakiita kipindi kile wakati wa kula haramu.

Mwaka 1901 na 1902, misafara ya kwanza ilipokuwa ikimwandama Sayyid, William James alikuwa Edinburgh akitoa mihadhara juu ya aina za tajiriba za kidini. James, daktari kwa mafunzo, aliwakabili wanasayansi waliomwita Paulo mtume mgonjwa wa kifafa wakadhani wamemaliza kazi. Alitenga maswali mawili: imani imetoka wapi, na imani ina thamani gani. Jibu la la kwanza haliwi jibu la la pili. Hata kama ono limetokana na homa, ukweli na uzito wake utapimwa kwa matunda yake katika maisha. Naona huu ndio msaada mkubwa zaidi tunaoupata kwa wanasaikolojia, na unakata pande mbili. Unawanyima Waingereza haki ya kumfuta Sayyid kwa neno wazimu, na unatunyima sisi tunaomhusudu haki ya kulikwepa kaburi la Sheikh Uways.

Swali hili si la makumbusho. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa, katika kaunti ile ile ya Liboi. Mmoja wa wauaji alikuwa amesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Haifai kumpachika Sayyid matendo ya al-Shabaab. Nyakati na madai yao ni mbalimbali. Lakini wengi wetu siku ile tulisema ni wazimu, kisha tukanyamaza. Mwaka 2004 daktari wa akili Marc Sageman alikuwa amechapisha uchunguzi wake wa maisha ya watu 172 wa mitandao iliyofungamana na al-Qaida, akakuta wagonjwa wa akili wachache mno. Kilichowaingiza kilikuwa urafiki, udugu, na kikundi kilichogeuka kuwa nyumbani. Neno wazimu hutufariji kwa kuwa humweka muuaji mbali na dawati tulilokalia.

Sayyid alijenga ngome za mawe huko Taleh. Mapema mwaka 1920 Waingereza walileta ndege 12 zikaipiga, naye akaponyoka kuingia Ogadeni. Wengi wa familia yake walikufa au kutekwa. Hata hivyo alianza kukusanya watu upya, hadi maradhi, yasemwayo kuwa homa ya mafua, yalipomuua huko Imi tarehe 21 Desemba 1920. Miaka mitatu baadaye Douglas Jardine, aliyekuwa afisa wa utawala wa Kiingereza, alichapisha kitabu ambacho anwani yake inamwita mulla mwendawazimu. Diwani yake ilingoja hadi mwaka 1974, miaka miwili baada ya Kisomali kupata hati rasmi, ambapo Sheikh Jama Omar Issa aliichapisha Mogadishu baada ya kuyakusanya mashairi, moja baada ya jingine, kutoka vinywani mwa wazee waliokuwa wangali wanayakumbuka.