Mzee Edison na chaja ya gari nyumbani

Wadau, siku hizi kila ukifungua mtandao unakutana na magari ya umeme. Swali la kwanza la watu ni lilelile: nitalichajije nyumbani? Wengi wanadhani hilo swali limeanza juzi tu. Hapana jamani. Kuna mzee alishajenga banda la magari lenye chaja ya umeme nyumbani kwake mwaka 1908, kule West Orange, New Jersey, Marekani. Mzee mwenyewe ni Thomas Edison.

Ndiyo, huyohuyo wa taa. Alizaliwa 11 Februari 1847 mji wa Milan, Ohio. Shule alisoma kidogo mno, masikio yakaanza kumsumbua tangu utotoni, na akiwa kijana mdogo alikuwa anauza magazeti na peremende kwenye treni. Baadaye akawa mtu wa telegrafu, halafu fundi, halafu mvumbuzi mwenye maabara yake. Mashine ya kurekodi sauti 1877, taa 1879. Hayo yote mnayajua, nisiwachoshe.

Ninachotaka tukitazame ni aina ya umeme aliouamini. Septemba 1882 alifungua kituo cha umeme mtaa wa Pearl, New York. Ulikuwa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri ya redio yako. Shida ya DC ya wakati ule ni kwamba ulikuwa hausafiri mbali. Ukiwa kilomita chache tu kutoka kituoni, umeme unaokufikia umeshachoka. Wapinzani wake, Westinghouse akitumia uvumbuzi wa Nikola Tesla (ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa Edison mwenyewe!), wakaja na AC, umeme unaokwenda na kurudi, ambao ni rahisi kuupandisha na kuushusha nguvu kwa transfoma na hivyo kuupeleka mbali.

Hapo mzee hakucheza kistaarabu. Mwaka 1888 maabara yake ilitumika kuua wanyama kwa umeme wa AC mbele ya waandishi wa habari, ili watu wauogope. Mimi namheshimu sana, lakini hilo siwezi kulipamba. Na halikumsaidia. AC ikashinda, na mwaka 1892 kampuni yake ikaunganishwa na nyingine ikawa General Electric, jina la Edison likafutwa kibaoni.

Sasa twende kwenye magari. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu! La petroli lilikuwa linanuka, linapiga kelele, na kuliwasha ilibidi uzungushe hendeli ambayo ikirudi nyuma inakuvunja mkono. La umeme unakaa, unaondoka.

Tatizo lake ni betri. Zilikuwa za risasi na tindikali, nzito kama mawe, na zilikuwa zinakufa haraka. Edison akaona hapo pana kazi. Kuanzia mwaka 1899 hivi akawasukuma vijana wake kwenye maelfu ya majaribio hadi wakapata betri ya nikeli na chuma, ndani yake maji ya alkali badala ya tindikali. Mwaka 1903 ikaingia sokoni. Kimbembe! Zikaanza kuvuja, nyingine zikapoteza nguvu. Mwaka 1904 akasimamisha kiwanda na kuzirudisha. Angeweza kuendelea kuuza, wateja walikuwepo. Badala yake akarudi mezani miaka mitano mizima, na betri mpya ikatoka 1909. Hiyo ilikuwa ya ukweli, inadumu miaka na miaka.

Tatizo la kuchaji likabaki palepale. Betri, yoyote ile, inataka DC. Lakini nyumba nyingi zilizokuwa zinaingiziwa umeme wakati huo zilikuwa zinapewa AC ya washindi! Mwenye bahati ya kuwa kwenye laini ya DC ya volti 110 aliunga betri yake kupitia kizuizi cha kupunguza mkondo, basi. Mwenye AC ilibidi anunue mashine ya kugeuza umeme. Maarufu ilitokana na uvumbuzi wa Peter Cooper Hewitt wa mwaka 1902: chupa kubwa ya kioo yenye zebaki ndani, ikifanya kazi inawaka mwanga wa buluu kama kitu cha wachawi. General Electric wakawa wanaiuza kwa watu wenye magari, unaifunga ukutani bandani. Na banda lenyewe lilitakiwa liwe na madirisha, maana betri zile zikichajiwa zilitoa gesi ya haidrojeni. Ukiwasha kiberiti umekwisha. Pia kila mara unaongeza maji ya betri.

Mnaona utani wa historia? Mzee alishindwa vita ya DC barabarani, halafu kila mwenye gari la umeme akalazimika kutafuta DC bandani kwake. Hadi leo ni hivyohivyo. Kile kiboksi cha ukutani tunachokiita chaja, cha ampea 32 na kilowati 7 hivi, kwa kweli hakigeuzi kitu. Kazi yake ni kuzungumza na gari na kuruhusu AC ipite kwa usalama. Kigeuzi chenyewe kimo ndani ya gari. Ndiyo maana fundi umeme anakazania waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, breka yake, na athi ya uhakika. Soketi ya kawaida ukiitumia kwa kilowati 2 na kidogo, betri ya kilowati-saa 60 itakula zaidi ya siku nzima.

Turudi kwa mzee. Betri ilipokamilika, Ford alikuwa ameshatoa Model T tangu 1908, na petroli imekuwa rahisi. Mwaka 1912 Cadillac wakaweka stata ya umeme, hendeli kwaheri. Na stata hiyo ikataka betri ya risasi, kwa sababu ya Edison haiwezi kutoa mkondo mkubwa kwa mpigo, hasa kwenye baridi. Mwaka 1914 Edison na rafiki yake Ford walikuwa wanapanga gari la umeme la bei nafuu, likafia njiani. Cha kuchekesha, mke wa Ford, Clara, alikuwa anaendesha Detroit Electric, gari la umeme, wakati mumewe anajaza dunia kwa petroli.

Betri zake zikapata wateja kwingine: taa za wachimba migodi, ishara za reli. Edison alifariki 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake Glenmont, akiwa na miaka 84. Nyumba hiyo sasa inatunzwa na serikali ya Marekani, na lile banda la zege la 1908 bado limesimama uani.

Mafundi umeme mliomo humu, kama kuna aliyeshafunga chaja ya gari nyumbani kwa mtu atueleze hapo chini alikutana na nini.