Khama na Kijiji cha Serowe

Ndugu msomaji, kisima cha kijiji chenu kikikauka, mtafanya nini? Soma habari za Khama, chifu aliyehamisha watu wake mara mbili kwa ajili ya maji.

Khama alizaliwa katika miaka ya 1830, katika nchi ambayo leo inaitwa Botswana, kusini mwa Afrika. Baba yake, Sekgoma, alikuwa chifu wa Bangwato. Bangwato ni wafugaji na wakulima wa mtama. Mwaka 1860 Khama alibatizwa, akakataa mila nyingi za baba yake. Ugomvi mkubwa ukazuka kati yao. Mwaka 1875 Khama alishika uchifu.

Wakati huo watu wake waliishi Shoshong. Watu walikuwa wengi, maji yalikuwa haba. Mwaka 1889 wote wakahamia Phalatswe. Hebu fikiri kazi hiyo: wazee, watoto, mifugo, nafaka, vyungu! Huko walijenga upya, hata kanisa la matofali ya kuchoma. Lakini maji ya Phalatswe nayo yalipungua. Mwaka 1902, baada ya miaka 13 tu, wakafunga mizigo tena. Wakaenda Serowe.

Kijiji cha Serowe kiligawanywa katika mitaa. Kila mtaa ulikuwa na mkuu wake na baraza lake, ambalo wao huliita kgotla. Wanaume walikata miti. Wanawake walijenga kuta za udongo na kuzikandika. Mashamba hayakuwa karibu na nyumba kama ulivyozoea wewe. Yalikuwa mbali, na ng'ombe walikaa mbali zaidi. Mvua ziliponyesha, watu walihamia mashambani, na baada ya mavuno walirudi kijijini.

Khama alikuwa mkali. Alipiga marufuku pombe ya Wazungu, na pombe ya mtama pia. Wengi walinung'unika, maana pombe ya mtama ilikuwa ya mababu zao. Baadhi ya ndugu zake waligombana naye wakahama. Hata mwanawe, Sekgoma, alikaa mbali naye kwa miaka mingi. Huenda wewe pia ungenung'unika.

Lakini ukali huo ulisaidia mwaka 1895. Kampuni ya Cecil Rhodes ilitaka kutawala nchi yao. Khama na machifu wenzake wawili, Sebele na Bathoen, walipanda meli hadi Uingereza kupinga. Walizunguka miji mingi wakieleza shida yao. Mwishowe walitoa ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli, na nchi haikuchukuliwa na kampuni.

Khama alifariki Serowe mwaka 1923. Mjukuu wake, Seretse, aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1921, alikuwa rais wa kwanza wa Botswana mwaka 1966.

Ukifika Serowe utaona kaburi la Khama juu ya kilima katikati ya kijiji. Juu yake amesimama paa wa shaba, mnyama ambaye kwa Bangwato ni mwiko kumla.