Jackie Robinson: Bingwa Ambaye Besiboli Ilimshinda Chuoni

Ungekuwa uwanjani katika chuo kikuu cha UCLA, California, mwaka 1940, usingesema kijana yule atavuma katika besiboli.

Besiboli ni mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kisha kukimbia kuzunguka vituo vinne. Mpigaji hodari hufanikiwa kama mara 3 katika kila zamu 10. Jackie Robinson aling'ara mechi ya kwanza, akafanikiwa mara 4 kati ya 4. Baada ya hapo mambo yakaharibika, na akamaliza msimu akiwa na wastani wa chini ya mara 1 katika 10. Hakuchezea tena timu ya besiboli ya chuo.

Watu walimjua zaidi kwa mpira wa Kimarekani, kikapu na riadha. Mwaka huohuo wa 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka mbali.

Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, huko Georgia. Baba aliwaacha, na mama yake, Mallie, akawalea watoto watano kwa kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Mwaka 1941 Robinson aliacha chuo kabla ya kuhitimu ili atafute kazi na kumsaidia mama.

Akaingia jeshini. Mwaka 1944 aliamriwa ahamie nyuma ya basi kwa sababu ya rangi yake, akakataa. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akashinda kesi.

Wakati huo ligi kuu ya besiboli ilikuwa imewafungia watu weusi mlango kwa zaidi ya miaka 50. Aprili 15, 1947, Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, na mlango ukafunguka. Alitukanwa na kutishiwa kuuawa, lakini alikuwa ameahidi kutolipiza, akanyamaza na kucheza. Mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka 1955 timu yake ikatwaa ubingwa.

Hata sisi Afrika Mashariki alitugusa. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alipotafuta nauli za ndege za wanafunzi waliopata nafasi za masomo Marekani, Robinson alisaidia kuchangisha fedha hizo. Wanafunzi 81 walisafiri mwaka huo. Yeye aliyeacha chuo njiani aliwasaidia wengine kukifikia.

Alifariki Oktoba 24, 1972, akiwa na miaka 53. Tangu 1997 namba yake, 42, haigawiwi tena kwa mchezaji mpya wa timu yoyote ya ligi kuu. Na mwanawe David alihamia Tanzania, akaanzisha shamba la kahawa huko Mbozi.