Denis Burkitt, daktari aliyefuatilia uvimbe wa taya za watoto

Endulen iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake tunaijua. Miaka zaidi ya 60 iliyopita daktari mmoja aligundua kwamba kuna saratani ya watoto ambayo ni nadra kuanzia kwenye kimo kama hiki. Leo tunamwangalia Denis Burkitt.

Alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, na kwa sababu hiyo alikataliwa alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alipangiwa Lira, Uganda, kisha akahamia Mulago, Kampala, kama daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino halifanyi hivyo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumpima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Wengi wetu tungesema bahati mbaya, tukaendelea na kazi.

Yeye alirudi kupekua majalada ya Mulago, na mwaka 1958 akachapisha alichokiona. Kisha akatuma barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza swali moja tu: mmewahi kuona hii? Majibu aliyaweka kwenye ramani. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu la Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kuelekea kusini mwa bara. Walipita hospitali 57, nyingi zikiwa ndogo za misheni. Hapo ndipo tunapomvulia kofia: aliamini kwamba mganga wa kijijini ana jambo la kuwafundisha wakubwa.

Ramani ilionyesha ugonjwa ukifuata joto na mvua, kama malaria. Milimani ulipotea. Vipande vya uvimbe alivyotuma London kwa ndege vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kuona, mwaka 1964, kirusi kinachohusishwa nao. Malaria ya mara kwa mara huudhoofisha mwili wa mtoto usiweze kukidhibiti kirusi hicho.

Kwa hiyo kimo kinapunguza hatari, lakini familia zetu hushuka Mang'ola na Mto wa Mbu, kwenye joto na mbu. Mtoto akivimba taya au tumbo kwa kasi, au meno yakalegea bila sababu, kung'oa jino na kungoja ni hatari. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku chache. Mpelekeni hospitali mapema, apewe rufaa.

Maana unatibika. Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, Burkitt akajaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akageukia utafiti wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki Machi 1993, na saratani ile bado inaitwa kwa jina lake.