Askofu Tucker na Makanisa ya Namirembe

Tukifika Kampala kwa mambo ya karatasi, tunaliona lile kanisa la matofali mekundu lenye kuba juu ya kilima cha Namirembe. Kabla yake yalikuwepo mengine hapo, na Askofu Alfred Tucker aliyaona yakianguka.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1849, akawa mchoraji kabla ya kuwa mchungaji. Maaskofu wawili waliomtangulia, Hannington na Parker, walikufa bila kufika Mengo. Yeye alitoka pwani kwa miguu, akavuka ziwa, akafika Desemba 1890.

Mwaka 1892 waumini walijenga kanisa kubwa la miti, matete na nyasi. Mwaka 1894 dhoruba ikaliangusha. Wakajenga lingine. Baadaye mmisionari Borup akawafundisha vijana kufyatua matofali, na watu wakapandisha udongo kilimani kwa vichwa vyao, machifu nao wakibeba. Tucker akaliweka wakfu Juni 1904. Lakini paa lilikuwa la nyasi bado! Septemba 1910 radi ikapiga, likaungua.

Pamoja na kujenga, tangu 1893 alikuwa akiwabariki Waganda kuwa mashemasi, na alitaka wamisionari wawe ndani ya kanisa lile lile pamoja na wenyeji. Wenzake wengi walikataa. Kwangu mimi, hilo lilikuwa gumu kuliko matofali.

Alirudi kwao 1911 akiwa mgonjwa, akafa 1914. Ujenzi wa kanisa la sasa ulianza 1915, likawekwa wakfu 1919. Safari hii waliezeka vigae.